Kitanda cha dabo deka nilichochongesha Keko: lala cha chini kwanza, utazame juu

Ukienda kununua kitanda cha dabo deka, usianze na ngazi, usianze na vanishi, wala usianze kutikisa nguzo. Vua viatu, lala chali kwenye kitanda cha chini, utazame juu. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona mtoto wa chini kila usiku akifumbua macho.

Mimi nililala hivyo kwenye vitanda saba pale Keko Magurumbasi, mtaa wa mafundi samani hapa Dar es Salaam, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mafundi wakinitazama bila kunielewa. Kwenye vitanda sita niliona kitu kilekile. Chaga za kitanda cha juu hazijapigwa msasa kwa upande wa chini, alama za penseli za kipimo bado zipo, ncha za misumari zimetokeza, na unga wa mbao umeganda kwenye pembe. Kwa mbele kitanda kinang'aa kama meza ya sebuleni. Kule ambako mteja hainami kutazama, mbao imeachwa kama ilivyotoka kwenye mashine.

Cha saba hakikuwa hivyo. Chaga zake zilikuwa zimepigwa randa pande zote mbili, kona za kila chaga zimelainishwa, na vanishi imepita hadi kwenye maungio. Nilipitisha kiganja kutoka kichwani hadi miguuni nisichomwe na kitu. Nikamuuliza fundi kwa nini anahangaika na sehemu isiyoonekana. Alikuwa amekaa kwenye benchi anasugua mguu wa stuli, na hakuacha kusugua.

"Isiyoonekana na nani, bosi? Hilo ndilo dari la mtoto wa chini."

Nilitoa advansi siku hiyohiyo.

Nieleze nilikuwa natafuta nini, kwa sababu kitanda hiki hakikununuliwa kwa ajili ya usingizi peke yake. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni mvulana, ametimiza miaka 10. Wa pili ni mvulana pia, ana miaka 7. Wa tatu ni binti wa miaka 2, bado analala chumbani kwetu. Tunakaa Mbagala, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Wavulana walikuwa wanalala kitanda kimoja cha nne kwa sita, na kwetu sisi Waislamu mtoto akifika miaka 10 hutenganishwa malazi na ndugu zake, kwa hiyo mama yao alianza kunikumbusha tangu kabla ya Ramadhani. Chumba chao ni futi 10 kwa 9. Ukiweka vitanda viwili humo, kabati linabaki koridoni na mlango haufunguki wote. Njia ikawa moja, kupanda juu.

Sasa, huyu wa pili ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na mama yake wote tulikuwa tumebeba vinasaba vya selimundu bila kujua, hatuumwi kitu, na wazazi wa namna hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mkubwa alipita. Mdogo hakupita. Anayemlea mtoto wa namna hii anajua siku zinavyokwenda: kliniki, foliki asidi kila asubuhi, maji kikombe baada ya kikombe, sweta hata hapa Dar es Salaam mvua ikinyesha, na maumivu yakimshika kwenye mifupa ya miguu nyumba nzima haili. Usiku anakwenda chooni mara mbili au tatu, kwa kuwa anakunywa maji mengi na kwa kuwa ugonjwa wenyewe huzifanya figo zishindwe kuyarudisha maji mwilini.

Siku za kliniki alikuwa anatoka na mama yake alfajiri. Wakirudi mchana anakuwa amenunuliwa chipsi kuku na soda. Ni mtoto aliyetoka kuchomwa sindano, nani asingemnunulia? Mkubwa akirudi shule anakuta kifuko cha chipsi kitupu kwenye ndoo ya taka. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa anakitazama kile kifuko, anavua sare, anakwenda kucheza.

Mwaka jana mwezi wa Agosti mkubwa akaanza kuchechemea. Mguu wa kulia, anasema unamuuma ndani ya mfupa. Maneno yaleyale ya mdogo wake: "ndani ya mfupa." Mama yao alishikwa na baridi mwili mzima. Nikampeleka zahanati siku hiyohiyo, akatolewa damu, akapimwa, tukasubiri kwenye benchi saa mbili nzima ameegemea bega langu. Majibu yakaja hana tatizo. Mganga akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, akatembea akichechemea mguu wa kushoto.

Tulirudi na bajaji. Nilidhani nitamkaripia tukifika nyumbani. Kabla hatujafika akaniuliza, akiwa anatazama nje barabarani, "Baba, kwani mimi nitaumwa lini?"

Sikumjibu. Nilimshika kichwa tu, nikakilaza kifuani kwangu, bajaji ikaenda.

Nawapenda sawa wale watoto. Nasema hivyo na Mungu ananisikia. Lakini baada ya siku ile nililala nikihesabu, nikaona mapenzi yangu kwa mdogo yana kazi ya kuonekana: yana saa ya dawa, yana kikombe cha maji, yana mkono wa kukanda mguu saa nane usiku. Mapenzi yangu kwa mkubwa yalikuwa yamekaa moyoni mwangu tu, hayana saa yake wala mahali pake. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuingia moyoni mwangu akaangalia. Anaangalia ndoo ya taka.

Na msidhani wivu ulikuwa wa upande mmoja. Mdogo anamwonea kaka yake wivu kwa kila anachoruhusiwa. Kaka anaogelea, yeye haruhusiwi kukaa kwenye maji ya baridi. Kaka anacheza mpira hadi magharibi, yeye akikimbia sana tunamwita ndani. Kaka anapanda mwembe wa jirani, yeye anasimama chini kuokota. Kwa hiyo niliposema nyumbani kwamba nanunua dabo deka, wote wawili walitamka neno moja kwa pamoja: "Juu!"

Kabla ya Keko nilikwenda kwanza kwenye duka la samani za chuma. Vitanda vya chuma ni nafuu, mara nyingi nusu ya bei ya mbao ngumu, havipati kunguni kwa urahisi, na kuvifungua na kuvihamisha ni kazi ya dakika 20. Shida yake ni sauti. Nilimpandisha mkubwa juu, nikamwambia ajigeuze, kitanda kikalia kama geti. Nyumba yenye mtoto anayeamka mara tatu usiku haiwezi kuishi na sauti ile. Halafu mkubwa aliposhuka aliuliza kama tunampeleka bweni. Tukaondoka.

Kuhusu mbao, nitawaambia ninachokijua, kwa sababu nimekaa na mafundi miaka mingi (mimi mwenyewe ni fundi umeme, tunakutana kwenye majengo). Paini inayotoka Mufindi, kwenye mashamba ya Sao Hill, ni nyepesi na bei yake inavumilika. Si mbao mbaya kama imekauka na imetiwa dawa, ila ukiipata mbichi itapinda, na kitanda cha ghorofa kikipinda nguzo moja basi ngazi nayo inacheza. Mkongo ni mgumu, mzito, utawarithisha wajukuu. Mninga uko katikati: hautikisiki na hali ya hewa, mchwa hauupendi, na unakubali kuchongwa. Cha kuangalia kwenye mninga ni ile sehemu nyeupe ya pembeni mwa gogo. Sehemu ya kahawia ya katikati ndiyo yenye nguvu, nyeupe hubunguliwa na wadudu. Ukiona ubao una rangi mbili, nusu kahawia nusu nyeupe, na fundi ameupaka vanishi ya giza kuficha, muulize. Fundi wangu alinionyesha mwenyewe ubao wenye kipande cheupe, akaukata mbele yangu.

Paini alinitajia 380,000. Mninga alianza na 750,000, tukashushana hadi 680,000, tatu kwa sita juu na chini, bila magodoro. Nilitoa 400,000 mkononi.

Akaniambia jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyeniambia: "Nilete hao wenyewe niwapime."

Jumanne iliyofuata nikawapeleka wote wawili. Akamlaza mkubwa kwenye mbao mbili juu ya benchi, akampima kuanzia utosini hadi kisiginoni, akaongeza nafasi ya miaka kadhaa ya kukua. Mdogo akamkalisha wima, akapima kutoka makalio hadi utosini. Nikamuuliza kwa nini huyu anamkalisha. Akasema wa chini shida yake siyo urefu, shida yake ni kukaa. Akiamka usiku kunywa dawa au kushikwa na maumivu atakaa kitako, na dabo deka nyingi wanazifanya chini fupi ili kitanda kizima kisiwe kirefu, mtoto akikaa anagonga kichwa. Kwetu alitoa futi 3 kamili kati ya godoro la chini na chaga za juu. Mimi nilikuwa nimemwambia habari ya ugonjwa kwa sentensi moja tu, siku ya kwanza, na alikuwa hajaisahau.

Pale pale kwenye karakana, katikati ya unga wa mbao, ugomvi ukazuka. Mkubwa anasema yeye ndiye mkubwa, juu ni kwake. Mdogo anasema kaka kila siku anapewa yeye, sasa ni zamu yangu mimi. Akaanza kulia. Mimi nikaanza kusema maneno ya mzazi aliyebanwa, kwamba wote nawapenda, kwamba tutapeana zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Nilijua nasema uongo, kwa sababu mtoto anayekwenda chooni mara tatu usiku, na ambaye maumivu yakimshika hata kusimama hawezi, siwezi kumweka juu ya ngazi.

Fundi akaweka tepu chini. Akawauliza, "Nani anamjua Nuuman bin Bashir?" Hakuna aliyemjua. Akawasimulia. Nuuman alikuwa na baba yake, Bashir, na baba akampa yeye peke yake zawadi kubwa. Mama wa Nuuman akasema haridhiki mpaka Mtume awe shahidi. Baba akaenda kwa Mtume. Mtume akamuuliza: je, watoto wako wote umewapa kama hivi? Akasema hapana. Mtume akamwambia amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Baba akarudi nyumbani, akaichukua ile zawadi.

Mkubwa akanitazama mimi. Nilijua anafikiria chipsi.

Fundi akaendelea. "Hiyo ni zawadi. Baba yenu akileta zawadi, agawe sawa, hata kama ni peremende moja aikate. Lakini kitanda siyo zawadi. Kitanda ni malazi, ni wajibu wake kwenu, na kwenye wajibu kila mtoto hupewa kinachomtosha. Wewe mguu wako namba 4, mdogo wako namba 1. Baba akiwanunulia nyote namba 1 ili muwe sawa, wewe utakwenda shule pekupeku."

Baadaye nilimuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akaniambia ndivyo wanazuoni wanavyotenganisha, hiba, yaani zawadi, mbali na matumizi ya lazima mbali. Lakini kwa watoto wangu somo liliingia pale karakana, kwa mfano wa kiatu. Mdogo alinyamaza. Hakufurahi, ila alinyamaza. Mkubwa akauliza, "Kwa hiyo chipsi ni zawadi au ni wajibu?" Fundi akaniachia mimi nijibu. Nikasema dawa ni wajibu, chipsi ni zawadi, na kuanzia siku hiyo siku ya kliniki zinaletwa sahani mbili. Zinaletwa hadi leo.

Sasa nije kwenye makosa, kwa sababu yapo, na ndiyo yaliyonifanya nitoe nyota nne badala ya tano.

La kwanza ni muda. Aliniahidi wiki mbili, kitanda kilifika wiki ya nne. Sababu alizitoa, za mbao na za umeme, na nyingine naziamini maana umeme ndiyo kazi yangu. Lakini hakupiga simu hata mara moja, ni mimi niliyekuwa namtafuta. Nilikuwa nimeshauza kitanda cha zamani, watoto wakalala magodoro chini majuma mawili, na kila usiku kulikuwa na vita ya nani yuko upande wa ukuta. Mama yao alichoka na mimi, siyo na fundi. Ukiagiza kwake, usiuze cha zamani mpaka kipya kiwe ndani.

La pili ni kubwa zaidi, linahusu usalama. Kitanda cha juu kina kingo ya kumzuia mtoto asianguke. Fundi aliipima akifikiria godoro la inchi 4. Mimi nikanunua la inchi 6. Tulipolitandika, kingo ikabaki inchi 3 tu juu ya godoro, yaani mtoto akijigeuza bega lake liko juu ya kingo. Kanuni za Marekani kwa vitanda hivi zinataka kingo ipande si chini ya inchi 5 juu ya godoro, na mtoto aliye chini ya miaka 6 asilazwe kitanda cha juu. Kwetu huku hakuna anayekuja kukupimia, kwa hiyo pima mwenyewe, na upime godoro likiwa limetandikwa. Nilimpigia fundi usiku ule. Alikuja siku ya tatu na drili yake, akaongeza ubao mmoja kila upande, bila kudai hata nauli. Sasa ni inchi 7. Rangi ya ubao ulioongezwa imekolea kidogo kuliko nyingine, ukiangalia kwa makini utaona. Alipaswa kuniuliza unene wa godoro siku ya kwanza, na mimi nilipaswa kumwambia.

La tatu, ngazi. Vidato vyake ni vya mviringo, vizuri kwa macho, vinaumiza nyayo. Nilimwomba avibadilishe viwe bapa, akasema ndivyo wateja wanavyopenda. Hapo hatukuelewana. Nimevizungushia mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, sasa vinakanyagika.

Na harufu ya vanishi ilikaa siku nne. Tulifungua madirisha, watoto wakalala sebuleni.

Jambo moja si kosa lake, ila lazima niliseme kwa wenye nyumba kama yangu: pangaboi. Chumba cha watoto kilikuwa na pangaboi katikati ya dari. Godoro la kitanda cha juu liko futi 5 na kidogo kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka 10 akisimama kitandani akanyoosha mkono, vidole vinafika kwenye mapanga. Nililishusha siku hiyohiyo kitanda kilipoingia, kabla hata ya kufunga boliti, nikaweka feni ya ukutani mbali na ngazi, ikielekea juu kiasi, kwa sababu upepo wa moja kwa moja haumfai mdogo. Kama huwezi kulishusha mwenyewe, mlipe fundi umeme alishushe. Usiseme utawaambia watoto wasisimame.

Chandarua ni rahisi kwa wa chini: unakichomeka chini ya godoro la juu pande zote, kinaning'inia kama pazia. Wa juu anahitaji cha duara kinachofungwa darini.

Kitanda chenyewe, miezi saba sasa, hakijatoa sauti. Nguzo zimetobolewa, mbao za ubavuni zimechongwa ulimi ukaingia ndani, kisha zikabanwa kwa boliti. Kila baada ya miezi miwili nazikaza kwa spana namba 13. Mkubwa anakaza za juu, mdogo za chini, na mimi napita nyuma yao kumalizia bila kuwaambia.

Kuna kitu kidogo ambacho sikukiagiza. Fundi aliweka rafu mbili kichwani, moja chini na moja juu. Ya chini inakaa chupa ya maji ya lita moja na nusu na kopo la dawa. Ya juu inakaa tochi na vitabu vya mkubwa. Usiku wa kwanza nilikuwa nimesimama koridoni taa ikiwa imezimwa, nikaona mwanga wa tochi unatembea. Mkubwa alikuwa ameshuka na tepu yangu ya kazini. Alipima rafu ya mdogo, akapanda, akapima ya kwake. Mdogo akamuuliza kwa kunong'ona, "Ngapi?" Akamjibu, "Kumi na nne. Na yangu kumi na nne." Akazima tochi. Baadaye fundi aliniambia rafu zote mbili zimetoka kwenye ubao mmoja, aliukata katikati.

Jambo la mwisho sikulifikiria wakati nanunua, na sasa ndilo ninaloliona kuwa na thamani kuliko yote. Kitanda cha chini, unakaa pembeni ya mtoto. Nakaa na mdogo kwanza: dawa, maji, namkanda miguu, tunasoma dua, nafunga chandarua. Halafu nasimama. Na nikisimama, uso wangu uko sawasawa na uso wa mkubwa. Zamani kitanda kilipokuwa kimoja nilikuwa nakaa upande wa mgonjwa, mkubwa yuko ukutani huko, namtupia "lala salama" juu ya mwili wa mdogo wake. Sasa siwezi kutoka chumbani bila kupita mbele ya macho yake. Tunatazamana gizani, pua kwa pua, chandarua katikati. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Wiki ya pili akaanza kuninong'oneza ya shuleni: nani amempiga nani, mwalimu wa hisabati alivyomsifu, kiatu kinavyombana. Habari ambazo miaka mitatu sikuzisikia nazisikia nikiwa nimesimama miguu ikiuma, mkono umeshika ile kingo ya inchi 7. Yeye ndiye mtu wa mwisho ninayeongea naye kila siku, na anajua hivyo.

Hatuchechemei tena. Wivu haujakwisha; juzi wamegombania maganda ya muhogo. Mwezi wa Oktoba mdogo aliposhikwa vibaya, usiku wa pili mkubwa alishuka mwenyewe, akalala chini miguuni pake, akaniambia nimwache. Asubuhi nilimkuta amelala chali, macho wazi, anatazama chaga za kitanda chake mwenyewe kwa chini.

"Baba, huku nako kuzuri," akasema.

Mkitaka kwenda kwa fundi huyu, ingieni Keko asubuhi kabla ya jua kali, tafuteni kwa kulala kwenye vitanda kama nilivyosema, mtamjua. Beba kipimo cha godoro lako, na chumba chako kipime hadi darini. Usafiri wa kirikuu, kigari cha mizigo, hadi Mbagala nililipa 35,000, na mafundi wawili wa kufunga aliwagharimia yeye fundi. Peleka watoto wote, usimpeleke mmoja.

Binti anatimiza miaka 3 mwezi ujao na mama yake anataka ahamie kwenye kitanda chake. Nilimpigia fundi jana kumtajia vipimo. Akakataa kuviandika, akasema nimpeleke mwenyewe ampime. Tunakwenda Jumamosi, na kaka zake wamesema wanakuja.